Uzi wa nyuzi: kabla ya ile sekunde ya kwanza, ulimwengu ulijaa nini?

#1 Mwalimu_wa_Menengai (Nakuru)

Habari za jioni wadau. Nina deni la mwanafunzi.

Wiki jana nilikuwa na Kidato cha Nne, kipindi cha mwisho, silabasi imeisha na watoto wamechoka na marudio. Nikaamua kuwachorea historia ya kutanuka kwa ulimwengu. Sikuichora kwa miaka, kwa sababu ukifanya hivyo kila jambo la mwanzo linajibana kwenye ncha moja. Nilichora kwa hatua za kuzidisha kwa kumi: sekunde 1, sekunde 10, sekunde 100, kila hatua vidole vitatu. Kutoka sekunde ya kwanza mpaka leo, miaka bilioni 13.8, ni hatua 17 na ushee. Kisha nikarudi nyuma hadi pale ule mfumuko wa mwanzo, yaani kutanuka kwa ghafla na kwa kasi mno, ulipokoma. Vitabu vingi huweka hapo sekunde moja iliyogawanywa kwa 1 yenye sufuri 32. Hizo ni hatua 32. Chaki ilitoka ubaoni ikaingia ukutani.

Kulia nikajaza vizuri: viini vya heliamu, atomi, nyota, jua, sisi. Kushoto nikaandika neno moja tu, MOTO, na mshale mrefu. Msichana wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, mbona huku kurefu ndiko hujaandika kitu?"

Dai langu, mnipinge: neno lile "moto" lilikuwa kukisia. Hakuna kipimo kinachotuambia kwamba upande ule wote ulikuwa mionzi mitupu. Na watu wa nadharia ya nyuzi (inayosema kila chembe ni uzi mdogo mno unaotetemeka) wanasema ukifuata hesabu zao, haukuwa. Wana jambo, au wanatusukia hekaya?

#2 Mkulima_Molo

Nilipoona "mfumuko" nikafungua nikidhani ni bei ya mbolea. Nimejipata kabla ya jua kuumbwa. Nakaa hapa hapa, endeleeni.

#3 Fundi_wa_Kibuye (Kisumu)

Mwalimu, mimi si msomi wa nyota, lakini nimefungua televisheni tangu enzi za kioo chenye kisogo. Mnakumbuka chenga? Stesheni ikifunga usiku, kioo kinajaa mchanga unaochemka. Nilisoma baadaye kwamba zile chenga ni mionzi iliyobaki tangu ulimwengu uanze. Basi huo moto una ushahidi, tulikuwa tukiutazama sebuleni. Halafu 2015 wakazima analogi. Siku hizi king'amuzi kikikosa mawimbi unapata kioo cha samawati tu. Tumenyang'anywa ulimwengu.

#4 Nyar_Maseno

Fundi, chenga nyingi zilikuwa kelele za seti yenyewe, radi, na bodaboda ikipita nje. Sehemu ya mionzi ya kale hukadiriwa kuwa asilimia 1 hivi. Na mionzi hiyo iliachiliwa ulimwengu ukiwa na miaka 380,000, kwa hiyo iko upande wa kulia wa ubao wa mwalimu. Wanaastronomia Penzias na Wilson waliinasa 1964 kwa antena iliyokuwa na kinyesi cha njiwa, wakadhani ni uchafu.

Mwalimu, nakubali dai lako nusu. CERN, ile maabara ya chembe kule Ulaya, wamegonga viini vya madini ya risasi mpaka vikayeyuka kuwa supu ya kwaki (vipande vinavyounda protoni), kwa hiyo tunajua mata inafanya nini kwenye joto la hatua kadhaa kushoto kwa sekunde ya kwanza. Lakini kujua supu inavyochemka si kujua kwamba chunguni mlikuwa na supu. Kinachojulikana kwa uhakika ni kwamba kufikia dakika zile heliamu ilipoundwa, mionzi ilikuwa imeshika usukani. Tunalijua hilo kwa sababu heliamu ni karibu robo ya uzito wa mata ya kawaida, na hesabu hutoka hivyo tu kama kasi ya kutanuka ilikuwa ya ulimwengu uliojaa mionzi.

Sasa sababu ya nyuzi kuingia. Tuseme ulimwengu umetanuka mara mbili kila upande. Ujazo umekuwa mara 8. Punje za mata ni zile zile, kwa hiyo kila debe lina moja ya nane ya ilivyokuwa. Mwanga unapungua zaidi, moja ya kumi na sita, kwa sababu mbali na kutawanyika, wimbi lenyewe limevutwa likachoka. Nadharia ya nyuzi inaleta kitu cha tatu. Inahitaji dimensheni 10, wakati ukiwa mmojawapo, na 6 kati yake zimejikunja. Ukubwa wa kila mkunjo unaweza kubadilika, kama upepo ndani ya tairi. Ukubwa huo huitwa moduli. Mfumuko ukiisha, moduli inaweza kuwa bado inabadilika kwa kasi, kama kitu kinachoteremka mlima, na nishati ya mwendo huo hupungua hadi moja ya sitini na nne. Kipindi hicho wanakiita kinationi. Kinaweza kuchukua hatua nyingi za ule ukuta wa mwalimu.

#5 Omwami_Mumias

Dada umeeleza vyema, ila msisahau haya mambo yamekwisha thibitishwa. CERN walipata nyuzi, na Hubble alionyesha 1998 kwamba ulimwengu unaongeza kasi.

#6 Katekista_Mstaafu (Kakamega)

Omwami, pole pole. Edwin Hubble alifariki 1953. Alichoonyesha 1929 ni kwamba galaksi za mbali zinakimbia zaidi. La kuongeza kasi lilitoka 1998 kwa makundi mawili yaliyopima supanova (nyota zinazolipuka), na Perlmutter, Schmidt na Riess wakapewa Nobel 2011. CERN walipata chembe ya Higgs, 2012. Nyuzi hakuna aliyeziona.

Na kwa kuwa hakuna anayelitaja: aliyeandika kwanza kuhusu kutanuka, 1927, akitumia vipimo vya galaksi, alikuwa padri Mbelgiji, Georges Lemaître. Nilikuwa nikiwaambia vijana wa kipaimara, wakadhani namtetea mwenzangu.

#7 Omwami_Mumias

Nimesahihishwa, katekista. Nilichanganya mtu na darubini yake.

#8 Dereva_Trela

Niko Burnt Forest nimeegesha, napata muda wa kusoma. Dada wa Maseno, hiyo kinationi yako naijua bila darasa.

Nikirudi kutoka Malaba, ukipita Mau Summit barabara inaanza kuteremka hadi Salgaa, na si mteremko wa mchezo. Kuna watu waliokuwa wakiweka nyutro pale ili kuokoa dizeli. Injini inanyamaza. Unasikia turubai tu inapigapiga na vyombo vya chai vikigongana nyuma ya kiti. Kilomita za kwanza ni raha, gari linakwenda bure. Halafu unagusa breki mara mbili, tatu, na harufu inaingia ndani ya kabini kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Baada ya harufu hiyo kanyagio linakwenda mpaka chini na hakuna kitu. Nimepoteza rafiki pale, sitaki kusema zaidi.

Swali langu: huo mkunjo ukiteremka nyutro namna hiyo, unasimamia wapi?

#9 Nyar_Maseno

Pole sana kaka. Na swali lako ndilo hasa waliouliza wanafizikia Brustein na Steinhardt mwaka 1993. Chini ya mteremko kuna kibonde kidogo, na moduli inatakiwa itulie humo ili ulimwengu uwe kama huu wetu. Ng'ambo ya kibonde kuna kilima kifupi, kisha uwanda usio na mwisho. Ikija na kasi yote, inaruka kilima. Ikiruka, dimensheni zilizojikunja zinakunjuka zote, na unabaki na ulimwengu wa dimensheni 10 usio na atomi.

Jibu lililopendekezwa ni zuri kwa sababu ni la hesabu tupu. Weka mionzi kidogo tu mwanzoni. Kila ulimwengu ukijirudufu, moduli inabaki moja ya 64 lakini mionzi inabaki moja ya 16. Yaani mionzi inaipata moduli mara nne kila hatua. Baada ya hatua chache, mionzi iliyokuwa haionekani ndiyo kubwa, kutanuka kwenyewe kunafanya kazi ya msuguano, na moduli inapunguza mwendo hadi kuingia kibondeni taratibu. Breki zake haziungui.

Kisha inayumba humo kama bembea, na kuyumba huko hupungua kwa moja ya nane, kama mata. Kwa hiyo inaishinda mionzi tena! Moduli inatawala hadi ioze, mionzi mipya izaliwe, na ndipo tunafika sekunde ya kwanza. Mwalimu, badala ya neno MOTO andika manne: mwendo, mionzi, moduli, mionzi.

#10 Mwalimu_wa_Menengai

Nitahitaji ukuta wa jirani.

#11 Mhasibu_Nakuru

Samahani, niulize kama mhasibu. Moduli isipooza kwa wakati?

#12 Nyar_Maseno

Inavuruga heliamu, na robo yetu haitoki. Ndiyo maana ni lazima iwe nzito, makumi ya maelfu ya uzito wa protoni, ili ife kabla ya viini kuundwa. Watu walishaliona hilo miaka ya 1980 na bado linawasumbua.

#13 Kijana_wa_Yala (Siaya)

Mnazungumzia sekunde ya kwanza, mimi nauliza leo. Nishati giza, ile inayosukuma ulimwengu uongeze kasi ya kutanuka, ni karibu asilimia 68 ya kila kitu, na tumezoea kuambiwa haibadiliki, unatanua debe na kila debe lina kiasi kile kile. Sasa 2003 wanafizikia Kachru, Kallosh, Linde na Trivedi walitoa njia ya kupata ulimwengu wa namna hiyo ndani ya nyuzi. Mwaka 2018 mwanafizikia mwingine wa nyuzi, Vafa, na wenzake watatu wakasema: huenda haiwezekani kabisa, ulimwengu wenye nishati giza isiyobadilika uko kwenye KINAMASI. Hilo ndilo neno lao. Nadharia zinazokubalika ziko nchi kavu, zilizobaki kinamasini.

Mimi nimezaliwa kando ya kinamasi cha Yala. Kuna mafunjo, kuna samaki kamongo, kuna swala wanaoogelea, watu wanapata riziki. Nani aliwaambia kinamasi ni mahali pa kutupa vitu vibovu?

#14 Mkulima_Molo

😂😂 Kamongo anaweza kuishi matopeni miezi bila maji. Huenda na nadharia hivyo hivyo.

#15 Mhasibu_Nakuru

Kwa hiyo nani mshindi kati ya hao wanne na hao wa kinamasi?

#16 Kijana_wa_Yala

Hakuna. Wa 2003 wanasema ujenzi wao umesimama, wapinzani wanasema hatua ya kuinua nishati juu ya sufuri haijahalalishwa. Kallosh na Linde ni mke na mume, kwa hiyo hata mezani hawapumziki.

#17 Omwami_Mumias

Naogopa kukosea tena, lakini DESI si wamemaliza huo ubishi? Nilisoma nishati giza inadhoofika, imethibitishwa. Basi Vafa ameshinda.

#18 Nyar_Maseno

Omwami uko karibu leo. DESI ni chombo kilichofungwa kwenye darubini ya Kitt Peak, Arizona. Kina fiba 5,000, kila moja na roboti yake ndogo ya kuielekeza kwa galaksi moja. Machi 2025 walitoa matokeo ya galaksi na kwaza (viini vya galaksi vinavyong'aa mno) karibu milioni 15. Ukichanganya na mionzi ya kale na supanova, dalili ya kubadilika ni kati ya sigma 2.8 na 4.2 (sigma ni kipimo cha uhakika), kutegemea umetumia orodha gani ya supanova. Kukubalika ni 5. Kwa hiyo ni dalili, si uthibitisho.

Na Vafa asisherehekee mapema. Ukisoma vipimo hivyo kwa wepesi, vinadokeza kwamba zamani nishati giza ilikuwa ikiongezeka kadiri ulimwengu unavyotanuka, jambo ambalo uga wa kawaida (nishati iliyoenea angani kote, kama moduli) unaoteremka polepole hauwezi kulifanya. Tena miteremko inayotoka kwenye nyuzi kwa kawaida ni mikali mno. Ni Salgaa tupu, wakati leo tunahitaji tambarare kama ile ya Kano, karibu na Kisumu.

#19 Dereva_Trela

Kano mvua ikinyesha hata tambarare haipitiki.

#20 Msusi_Kondele (Kisumu)

Nimesoma kimya tangu #1 kwa sababu ya neno "nyuzi", nikadhani ni rasta mpya. Mmesema dimensheni 6 zimejikunja na 3 zikatanuka. Mbona 3? Kwa nini si 2 au 5? Hapo ndipo ningeanzia.

#21 Nyar_Maseno

Dada, umegusa swali bora la uzi huu, na lina jibu moja la 1989, la Brandenberger na Vafa (ndiyo, Vafa yule yule). Wewe unasuka kwa uzi, utanielewa haraka. Ukizungusha uzi kwenye fungu la nywele, fungu haliwezi kutanuka, uzi umelibana. Wakasema mwanzoni dimensheni zote zilikuwa ndogo na nyuzi zimejizungusha kwenye zote. Ili dimensheni ifunguke, nyuzi zilizoizunguka zikutane na zile zinazozunguka kinyume, zifutane. Katika nafasi ya dimensheni 3 au pungufu, nyuzi mbili zinazopita hukutana. Zikizidi 3, zinapishana bila kugusana. Kwa hiyo tatu zikafunguka na zilizobaki zikabaki zimesukwa.

#22 Msusi_Kondele

Sasa nimeelewa kuliko nilivyoelewa shuleni. Lakini nywele zangu hazikutani zenyewe, lazima nizifungue kwa kitana na mteja analia. Nani alifungua?

#23 Kijana_wa_Yala

Joto, nadhani. Walioiga hesabu hiyo baadaye kwa kompyuta hawakupata tatu kila mara.

#24 Fundi_wa_Kibuye

Kwa nini tunakubali mfumuko tu? Niliona mahali kwamba mawimbi ya graviti (mitikisiko ya anga lenyewe) ya mfumuko yalionekana 2014 kule Ncha ya Kusini. Hiyo si imefunga kesi?

#25 Katekista_Mstaafu

Fundi, ilikuwa vumbi. Watu wa BICEP2, darubini ya huko, walitangaza Machi 2014, na mapema 2015 walipolinganisha na setilaiti ya Planck ikabainika ni vumbi la galaksi yetu wenyewe. Ukiwa umewahi kupita Nakuru mwezi wa Februari hutashangaa vumbi likimdanganya mtu. Tangu hapo wametafuta tena na hawajayaona, wameweka tu kikomo.

Ndiyo maana wapinzani wa mfumuko bado wapo. Mwaka 2001 Khoury, Ovrut, Steinhardt na Turok walipendekeza, kutoka hizo hizo nyuzi, kwamba moto wa mwanzo ulitokana na tando mbili kugongana katika dimensheni ya ziada. Mawimbi ya graviti ya namna ile wao hawayatarajii. Turok ni mzaliwa wa Johannesburg, ndiye aliyeanzisha taasisi ya hisabati ya AIMS Cape Town, 2003. Kuna vijana wetu wamesomea huko.

#26 Mhasibu_Nakuru

Ngojeni. Steinhardt wa #9 ndiye Steinhardt wa #25? Na Vafa wa 1989 ndiye wa 2018? Hii nadharia ina wanakamati wangapi kweli? Na kila kitabu ninachofungua kina kielelezo kipya. Nimesoma kwamba suluhu za nyuzi ni 1 yenye sufuri 500. Mteja akiniletea hesabu inayoweza kutoa majibu mengi hivyo, simwiti mwanasayansi, namwita mkwepa kodi.

#27 Mwalimu_wa_Menengai

Mhasibu ana hoja na sitaki tuipite haraka. Lakini tofautisha. Sufuri 500 ni idadi ya vibonde. Kinationi na moduli kutawala hazitegemei sana umechagua kibonde kipi. Zinakuja kwa sababu mikunjo ipo na lazima isimame mahali. Hilo ndilo lililonivuta.

Na linaweza kuacha alama. Mawimbi ya graviti yaliyokuwepo wakati wa kinationi yangeimarika upande wa masafa ya juu. LIGO, chombo cha kunasa mawimbi hayo, haifiki huko, lakini angalau ni kitu unachoweza kukitafuta ukakikosa. Kama ilivyo, vyombo vya kusikiliza masafa hayo havijajengwa vya kutosha.

#28 Mhasibu_Nakuru

"Ushahidi upo lakini chombo hakijajengwa." Nimewahi kusikia hiyo kwenye tenda.

#29 Nyar_Maseno

😂 Mhasibu acha. Ila nami nina langu. Nilitaka mradi wangu wa mwaka wa nne uwe juu ya moduli. Msimamizi mmoja, chuo sitakitaja, akaniambia, "Binti, andika kuhusu paneli za sola, utakula." Nikaandika paneli za sola. Nafanya kazi ya paneli za sola. Moduli nasoma usiku, stima ikipotea naendelea kwa betri ya kazini. Hakukosea, na bado nina hasira naye.

#30 Msusi_Kondele

Njoo nikusuke bure, utanieleza zingine.

#31 Kijana_wa_Yala

Kabla hatujahama kabisa: hata kasi ya leo hawajakubaliana. Planck ikitumia mionzi ya kale inapata 67.4, wanaopima kwa supanova wanapata karibu 73, kilomita kwa sekunde kwa kila megapaseki (kipimo cha umbali cha wanaastronomia). Baadhi ya watu wa nyuzi wanaziba pengo hilo kwa aksioni, chembe ya kukisiwa, iliyoamka kidogo kabla ya atomi kuundwa na ikatoweka. Wengine wanasema tatizo liko kwenye vipimo.

#32 Omwami_Mumias

Mimi hapo sisemi kitu.

#33 Mwalimu_wa_Menengai

Wadau, mrejesho. Leo asubuhi nilimwita yule msichana nikamsomea #8 na #9, na nikaandika maneno manne ya Nyar Maseno ukutani (mwalimu mkuu ameniuliza rangi nitanunua lini). Alisikiliza mteremko wa Salgaa mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Hiyo mionzi kidogo iliyofanya breki, nani aliiweka pale mwanzoni?"

#34 Nyar_Maseno

Aisee. Wengine husema mashimo meusi madogo ya mwanzo yaliyoyeyuka. Wengine, masalio ya mfumuko wenyewe. Wengine, nyuzi ndefu za angani zilizokatika zikamwaga nishati. Sina la kumpa kama jibu.

#35 Dereva_Trela

Nimeshafika Salgaa salama, gia ya tatu njia yote. Mwambie huyo binti asichukue paneli za sola.

#36 Nyar_Maseno

Kaka!